Daftari Langu Limejaa Mizimu, Mama Anataka Lichomwe

Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 19. Nimemaliza kidato cha sita na sasa nipo nyumbani na mama na bibi, kijiji kimoja wilayani Serengeti, si mbali na Mugumu. Asili yetu ni Tarime.

Tangu utotoni napenda hadithi za kutisha: nyumba zilizohamwa, wafu wanaofufuka, watu wanaogeuka wanyama, falme za giza na wafalme waliolaaniwa. Filamu za namna hiyo zilizotafsiriwa kwa Kiswahili zikiletwa kwenye kibanda cha video, nakaa mpaka mwisho. Kuchora nilianza nikiwa na miaka 13, Desemba ile mama aliponitorosha usiku kwenda nyumba salama ili nisikeketwe. Kule nilichora wanawake warefu wasio na nyuso, na sikuacha tena. Sasa nina kaunta buku yenye hadithi moja ndefu. Kuna mji wa mawe niliobuni baada ya kuona magofu ya ngome ya Ikoma tulipokwenda na shule, kuna malkia asiye na macho, na askari wake wana vichwa vya fisi.

Mwezi uliopita mdogo wangu alilichukua daftari akawaonyesha wenzake. Picha waliyoipenda zaidi ni ya kikongwe mwenye macho mekundu aliyepanda fisi usiku. Nilipoichora nilikuwa namfikiria bibi mmoja jirani anayeishi peke yake, na watoto walimtambua papo hapo. Sasa wanamwita kwa jina la yule wa kwenye hadithi. Habari ikamfikia mama. Alilifungua daftari, akalia. Baba mdogo akasema nina mapepo, nikapelekwa kuombewa. Mama anataka nilichome kwa mkono wangu mwenyewe. Bibi amenyamaza, ingawa yeye ndiye aliyenihadithia mambo ya mazimwi.

Shangazi, nina tatizo? Mbona wenzangu wanapenda hadithi za mapenzi na mimi napenda giza? Nilichome? Na kama si vibaya, kazi ya namna hii itamfikisha wapi mtu wa huku kwetu?

Mchora Usiku, Serengeti

*

Mwanangu,

Usilichome daftari. Ukurasa mmoja tu ndani yake ndio ulionikosesha raha, nao ni ule wa kikongwe aliyepanda fisi. Nitaurudia kwa kirefu, maana hapo ndipo penye hatari ya kweli. Kwanza nikujibu uliyoniuliza.

Una tatizo?

Kupenda hadithi za kutisha si ugonjwa wala si pepo. Hofu ikiwa nje gizani hujui ukubwa wake wala itatokea upande gani. Ukiitia kwenye hadithi inapata mwanzo na mwisho, nawe ndiye unayeamua iingie lini na ishindwe vipi. Ndiyo maana msomaji anatetemeka na bado anafungua ukurasa unaofuata. Anajua kwamba akifunga kitabu yuko salama nyumbani kwake.

Kwa binti wa Kikurya wa Tarime kama wewe kuna sababu nyingine, na nadhani ndiyo yako. Wewe ulitolewa nyumbani usiku ukikimbia kisu cha ngariba. Kila msichana wa Tarime na Serengeti anaijua Desemba ya msimu wa ukeketaji: ngoma, nyimbo barabarani, ndugu wanaokuja na zawadi, wenzako wanaokucheka ukionekana kusitasita. Katika mila hiyo anayetahiriwa na anayekeketwa wote hutakiwa wasipepese hata jicho, na mwenye kuonyesha woga huaibisha nyumba nzima. Mtoto anayekulia mahali ambapo kuogopa ni fedheha atausemea wapi woga wake? Wewe uliusemea kwenye karatasi. Wale wanawake warefu wasio na nyuso walikuwa njia yako ya kusema jambo ambalo mdomo ulikatazwa kulisema. Sioni ubaya wowote hapo. Naona mtoto aliyejitafutia dawa kwa kalamu, akaipata.

Hata hivyo nikuulize kama mzazi, nawe ujijibu kwa ukweli. Unalala vizuri? Unakula? Usiku ule wa Desemba unakurudia mchana ukiwa macho, moyo ukaenda mbio na jasho likakutoka? Umewahi kutamani kujidhuru, au usiwepo? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote kati ya hayo, daftari silo la kulaumiwa, ila peke yake halitoshi. Nenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya uombe kuonana na anayeshughulikia afya ya akili, au mwone afisa ustawi wa jamii. Kama bado unawasiliana na waliokupokea nyumba salama, waambie wao. Wamezoea kusikia mambo haya na hawatakushangaa. Na msomaji mwingine aliye chini ya miaka 18 mwenye shida kama hiyo, namba 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bure.

Kama jibu ni hapana, basi huna tatizo. Una kipaji.

Hujaanza wewe

Hadithi unazozipenda zina ukoo mrefu. Mwaka 1764 Mwingereza Horace Walpole alitoa kitabu kuhusu ngome ya kale iliyolaaniwa, The Castle of Otranto, na watu wengi huhesabu kuwa hapo ndipo ilipozaliwa aina ya riwaya iitwayo gothiki: magofu, laana za ukoo, milango inayojifunga, wafu wasiotulia. Lakini ninayetaka umjue vizuri ni binti mmoja wa rika lako.

Aliitwa Mary Shelley. Mama yake alifariki siku chache baada ya kumzaa. Mwaka 1815 yeye mwenyewe alijifungua mtoto njiti, akamzika baada ya siku chache tu. Mwaka huohuo mlima Tambora kule Indonesia ulilipuka, na majivu yake yakazuia jua kiasi kwamba mwaka uliofuata sehemu kubwa ya Ulaya haikuonja kiangazi. Mvua na baridi vikamfungia Mary ndani ya nyumba kando ya Ziwa Geneva, Uswisi, pamoja na marafiki, na mwenzao Lord Byron akapendekeza kila mmoja atunge hadithi ya mzimu. Mary alikuwa na miaka 18. Alichokianza pale kikawa Frankenstein, kilichochapishwa mwaka 1818 bila jina lake kwenye jalada.

Ukikisoma utaona kwamba kiumbe anayetisha humo hakuzaliwa muuaji. Aliyemuumba alimkimbia kwa sababu ya sura yake. Kila alikokwenda watu walimpiga kwa sababu ya sura yake. Aliyempokea kwa maneno mema alikuwa mzee kipofu, na hata huyo aliweza kwa kuwa hakumwona. Na humohumo mtumishi wa kike asiye na hatia ananyongwa kwa mauaji ambayo hakuyafanya, baada ya watu kuridhika kwamba ni yeye. Mary alitumia giza kuonyesha jinsi watu wema wanavyoweza kufanya ukatili wakishaamua nani ni wa kuogopwa. Jambo hilo lishike, tutalihitaji.

Wala usimruhusu mtu akuambie kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapwa mwaka 1960. Mtu anakutwa ameuawa mahali pa mzimu, watu wanawaza pepo, naye Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko chake, anafuata nyayo za binadamu. Mwaka 1968 mwandishi huyohuyo akatoa Kisima cha Giningi. Ebrahim Hussein mwaka 1971 aliwaweka mtu na shetani jukwaani katika tamthilia ya Mashetani, akaitumia kuzungumzia ukoloni na nchi iliyotoka kujitawala. Said Ahmed Mohamed katika Babu Alipofufuka anamtoa babu kaburini amwandame mjukuu wake, kigogo aliyesahau watu. Na jirani yako wa ziwani, Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, aliandika Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, vitabu vinavyomwingiza msomaji mahali pa ukiwa ambapo hata wakati haueleweki.

Wachoraji na wachongaji nao wamo. Miaka ya 1950 Mmakonde Samaki Likankoa alianza kuchonga mpingo kwa namna iliyokuja kujulikana kama shetani: jicho moja, sikio lililovutwa, tumbo lenye tundu, miguu isiyolingana. Leo kazi za mtindo huo zimetapakaa duniani, zimewekwa kwenye makumbusho na sebule za watu wenye heshima zao, na hakuna anayeitiwa mchungaji kwa kuwa nazo.

Ukurasa wa kikongwe

Sasa nisikilize vizuri.

Malkia asiye na macho hana jirani. Askari mwenye kichwa cha fisi hana shamba la mhogo wala kibanda cha nyasi ambacho mtu anaweza kukitia moto usiku. Kikongwe uliyemchora anavyo vyote hivyo. Watoto wanajua mlango wake.

Unaishi Kanda ya Ziwa, mwanangu, unajua ninachosema. Vikongwe wameuawa katika mikoa hii kwa kuitwa wachawi, na ushahidi uliotajwa mara nyingi ulikuwa macho mekundu. Macho hayo ni ya moshi. Mama anayepika kwa kuni, na kuni zikiisha kwa kinyesi cha ng'ombe, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, miaka 50 mfululizo, atayapata wapi macho meupe? Amewalisha watu maisha yake yote, na moshi wa kuwalisha ndio uliokuja kutumiwa kumhukumu. Hapohapo Kanda ya Ziwa, kuanzia mwaka 2007, dunia ilitusikia kwa aibu kubwa tulipoua watu wenye ualbino kwa hadithi kwamba viungo vyao vinaleta utajiri. Ile nayo ilikuwa hadithi ya kutisha. Tofauti yake na yako ni kwamba waliosimulia walisema ni kweli, na walionyesha kwa kidole nyumba anayoishi mhusika.

Afrika Mashariki tumelijua jambo hili muda mrefu. Wakati wa ukoloni ilienea habari, Kenya, Uganda na Tanganyika, kwamba wazimamoto hukamata watu usiku na kuwanyonya damu. Wengine waliwaita mumiani. Waliosimulia walikuwa na sababu ya kuogopa serikali iliyowachukua kazi, ardhi na jasho, na habari ile iliibeba hofu yao vizuri kuliko hotuba. Lakini kwa kuwa ilisimuliwa kama kweli, mtu yeyote mgeni aliyepita njia asiyoijua aliweza kupigwa akidhaniwa ni mmoja wao. Ingekuwa imeandikwa kama riwaya, tungekuwa leo na kitabu kikubwa na hakuna ambaye angeumia.

Kwa hiyo mpaka wangu ni huu, na ninakuomba uushike maisha yako yote ya uandishi: buni giza unavyotaka, ila usilivike sura ya mtu aliye hai. Hasa asiye na wa kumtetea: mjane, kikongwe, mlemavu, mtu mwenye ualbino, mgeni. Sheria yenyewe iko upande huo. Sheria ya Uchawi ya nchi hii ipo tangu mwaka 1928, na inakataza kumtangaza mwenzako kuwa mchawi.

Ufanye hivi. Utoe ukurasa ule uuharibu mbele ya mama, ili aone kwamba unajua ubaya ulipo. Mwite mdogo wako na wenzake, uwaambie kwa maneno ya wazi kwamba yule wa kwenye picha ulimtunga, hayupo, na bibi jirani anaitwa kwa jina lake la heshima. Watoto watakusikia kuliko watakavyomsikia mtu mwingine, kwa kuwa wewe ndiye mwenye hadithi. Kisha wewe na mama nendeni kwa yule bibi mchana, watu wakiona. Mpelekeeni sukari au sabuni, mchoteeni maji, kaeni naye nje mzungumze. Fanyeni hivyo tena na tena. Anayetembelewa na majirani hadharani ni vigumu kumzulia jambo. Na ukisikia watu wazima wameanza kulirudia lile jina, usingoje. Mwende kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji siku hiyohiyo, na wasipochukua hatua, polisi kuna dawati la jinsia na watoto.

Ukishayamaliza hayo, hadithi yako itakuwa na nafasi wazi palipokuwa na kikongwe. Pajaze kwa kumkumbuka Mary Shelley. Mji wa mawe una malkia na askari wa kutisha. Je, nani zaidi anatisha humo? Jaribu umati. Watu wa kawaida, waliokula jioni pamoja, wanaotoka na mienge kumtafuta mtu waliyeambiana kwamba ndiye. Andika sura hiyo bila kumwonyesha mtu yeyote wa kijijini kwenu, na msomaji hatalala.

Kuhusu mama

Mama yako alikupitisha gizani kukuokoa na hatari ya kweli, na pengine mpaka leo wapo ndugu wasiosalimiana naye kwa sababu hiyo. Anapoona kwenye daftari lako wanawake wasio na nyuso, anadhani ile hatari imekufuata imejificha humo. Machozi yake ni ya mtu aliyekwisha kukupigania mara moja na hajui safari hii apambane na nani. Usimjibu kwa hasira, wala usilifiche daftari. Ukilificha utakuwa umethibitisha maneno ya baba mdogo.

Kuombewa hakukupunguzii kitu. Pokea sala ya mama kwa shukrani. Halafu jioni moja, kazi zikiisha, kaa naye na bibi. Fungua ukurasa wa kwanza kabisa, wa kule nyumba salama, umwambie: hapa ndipo nilipouweka woga wa usiku ule, sikuwa na pengine pa kuuweka. Mwache aulize. Muombe na bibi asimulie tena hadithi moja ya zimwi mbele yenu wote, ili mama akumbuke kwamba naye alilala akiwa amejifunika gubigubi kwa hadithi hizohizo na akakua mcha Mungu.

Akisema Mkristo hapaswi kushika mambo haya, mkumbushe kwa adabu aliyoyasoma mwenyewe katika Biblia: bonde la mifupa mikavu kwa Ezekieli, mwanamke wa Endori aliyetafutwa na Sauli usiku, joka lenye vichwa saba katika Ufunuo. Maandiko hayakuogopa kuonyesha kinachotisha. Na kama anampenda Mwalimu Nyerere, kama wengi wetu wa mkoa wa Mara tunavyompenda, mwambie kwamba mtoto huyu wa Butiama alitafsiri tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, ikachapwa mwaka 1963. Humo mzimu wa Kaizari unamtokea Brutus usiku hemani. Mwalimu hakuuondoa mzimu ule. Alitupa tuusome kwa Kiswahili, tufikirie usaliti na madaraka.

Baba mdogo mwache. Mama akituliza moyo, naye atatulia.

Itakufikisha wapi?

Mbali, ukifanya kazi. Wenye kalamu nchini wana milango kadhaa. Ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na zawadi zake za kwanza zilitolewa mwaka 2023. Ipo Tuzo ya Kiswahili ya Fasihi ya Afrika, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell na sasa huitwa Safal-Cornell, inayopokea miswada ya riwaya na ushairi. Kwa kuchora, taasisi ya sanaa ya Bagamoyo, TaSUBa, inafundisha, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya sanaa. Ukichagua masomo, viangalie hivyo kabla hujajaza fomu kwa kufuata mkumbo. Vitabu nilivyovitaja, vianzie kuvitafuta kwa walimu wako wa Kiswahili na kwenye maktaba ya mkoa, Musoma.

Ila mlango wa kwanza ni kuchora unachokijua. Umezungukwa na mali ambayo msanii wa Ulaya hulazimika kuisoma vitabuni. Chukua fisi. Wengi humchora kama mbwa mwenye madoa, na hapo hatishi. Fisi madoa miguu yake ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, kwa hiyo mgongo wake unateremka kuelekea mkiani. Hata akisimama tuli anaonekana kama anayenyatia. Shingo ni nene, kichwa huinama akitembea. Kinyesi chake kikikauka kinakuwa cheupe, kwa sababu ya mifupa aliyoisaga na kuimeza. Jike ni mkubwa kuliko dume, na majike ndiyo yanayotawala kundi. Basi malkia wako kuwa na askari wa fisi ni jambo lenye mizizi porini kwenyewe. Mpe msomaji huo mgongo unaoteremka na kile kinyesi cheupe mlangoni pa ngome, ataamini na yale mengine yote uliyoyatunga.

Magofu ya Ikoma nayo yaangalie kwa jicho hilo. Ngome ile waliijenga Wajerumani ili waitawale nchi ya watu wengine, na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikawafuata mpaka huko. Kuta zile zina amri, viboko na kodi ndani yake. Waulize wazee wa Ikoma, Nata na Ngoreme waliyosimuliwa na wazazi wao, uandike. Mzimu wa kwenye magofu unatisha zaidi msomaji akijua alikuwa nani alipokuwa hai na nani alimdhulumu. Lakini vitu vya heshima vya watu usivichezee. Waikoma wana Machaba, pembe za ndovu ambazo masimulizi yao yanazihusisha na mtabiri wa Kitatoga. Usizichomoe ukazitia kwenye hadithi kama pambo. Ukitaka kuandika kitu kinachofanana nazo, waendee wenyewe kwanza, wakikataa buni cha kwako.

Na usimalize hadithi yako gizani kwa sababu tu giza linapendeza. Wewe uliuona usiku ukaisha, mtu akakufungulia mlango. Hilo unalijua kwa mwili wako, na wasomaji wako wengi watakuwa mabinti ambao bado hawajalijua.

Kwenu wazazi wa Tarime na Serengeti mnaosoma ukurasa huu: mtoto akichora mnyama wa kutisha, msikimbilie kiberiti. Kaeni chini mumwombe awasimulie habari zake. Na mkisikia watoto wanamwita kikongwe wa jirani mchawi, hapo ndipo pa kuwa wakali.